Chaki na Ngome: Tarikhi ya Walimu wa Ulinzi katika Mpira wa Kimarekani

Mpira wa Kimarekani, ule uchezwao kwa mpira mrefu wenye ncha mbili, na ambao mikono huutumikia kuliko miguu, hauendi mfululizo kama kandanda tuijuayo sisi, bali huenda kwa pumzi fupi fupi: timu yenye mpira hushambulia kwa sekunde chache, mbeba mpira huangushwa, filimbi hulia, na watu ishirini na wawili huinuka, wakarudi kila upande kwao kushauriana kabla ya kukabiliana tena. Sheria huwapa washambuliaji nafasi nne za kusogea yadi 10. Wakizipata huanza hesabu upya, na wasipozipata huwaachia wapinzani mpira. Kituo hicho kilicho baina ya pambano na pambano, ambacho mgeni hukiona kuwa ni uzito wa mchezo, ndicho makao ya mwalimu wa ulinzi. Kwani mshambuliaji anajua aendako, ilhali mlinzi hajui, na kazi ya mwalimu ni kumfundisha mtu asiyejua asimame kwa utulivu wa mtu anayejua.

Nimekusudia kueleza tarikhi ya walimu hao katika ligi ya kulipwa ya Marekani kwa sababu ya jambo moja ambalo kazi yao inalidhihirisha kuliko kazi nyingine nyingi: kwamba mwalimu hana mkono wala mguu uwanjani, na mpira utokapo hana tena hata sauti, yote aliyo nayo ni yale aliyoyatia katika nyoyo za watu wake kabla ya saa ya haja, na la kwanza katika hayo, mbele ya nguvu na mbele ya mbio, ni uaminifu wa kila mtu kwa mahali pake, hata pale ambapo mpira umekwenda kwingine na macho ya umati mzima yameufuata.

Ligi hiyo ilizaliwa tarehe 17 Septemba 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, ndani ya duka la magari, ambamo wenye timu walikutana kupatana. Na miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye George Halas, ambaye jina lake litarudi katika habari hii. Mwaka 1922 ikachukua jina la National Football League linalojulikana leo. Zama hizo mchezaji alikuwa mmoja kwa kazi zote: aliyeshambulia ndiye aliyelinda, kwa kuwa sheria ilibana kutoka na kuingia kwa watu, na wachezaji wenyewe walikuwa wachache. Kwa hiyo hapakuwa na mwalimu wa ulinzi; mwalimu mmoja alifundisha yote, na aghalabu fikira zake bora zilikwenda kwenye mashambulizi, kwani huko ndiko kulikokuwa na mabao na sifa. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoanza kuivunja desturi hiyo. Vijana wengi walipokwenda vitani, ligi ililegeza sheria mwaka 1943 ili timu zilizopungukiwa zipate nafuu, na mwaka 1950 ruhusa ya kubadilisha watu bila ya mpaka ikathibitishwa kuwa ya daima. Tangu hapo kila timu ikawa na majeshi mawili, moja la kushambulia na moja la kulinda, na jeshi la pili likahitaji amiri wake.

Kabla ya hapo, ustadi wa ulinzi ulikuwa umekwisha kuanza kuchipua katika mikono ya walimu wakuu wenyewe. Huko Philadelphia, Earle Neale, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Greasy, aliwapanga walinzi wake watano mbele, wawili nyuma yao na wanne nyuma kabisa, na kwa mpango huo timu yake ya Eagles ikatwaa ubingwa wa 1948 kwa 7–0 katika theluji nzito, kisha ubingwa wa 1949 kwa 14–0. Fainali mbili mfululizo, na wapinzani hawakupata hata pointi moja. Ilidhaniwa kwamba boma limekwisha kujengwa. Lakini mwaka 1950 ilijiunga na ligi timu ya Cleveland Browns, iliyofundishwa na Paul Brown, ambayo ilikuwa imetwaa ubingwa wote wa ligi nyingine katika miaka minne ya uhai wa ligi hiyo, na katika mchezo wake wa kwanza, tarehe 16 Septemba, ikawaendea mabingwa wa Philadelphia nyumbani kwao na kuwafunga 35–10. Pasi za Otto Graham, mrushaji wa Browns, zilipita pale ambapo ulinzi uliosifiwa haukuwa na mtu.

Wiki mbili baadaye Browns walikutana na New York Giants, na hapo ndipo ninapoona kwamba tarikhi ya kazi hii inaanza kwa haki yake. Mwalimu wa Giants alikuwa Steve Owen, mtu wa Oklahoma, mnene wa mwili na mtulivu wa shauri, aliyekuwa akiiongoza timu hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Owen aliwaweka watu sita mbele, mmoja nyuma yao, na wanne nyuma kabisa katika umbo la upinde. Walakini wale wawili wa pembeni wa safu ya mbele walikuwa na amri mbili, mara waingie kumkimbiza mrushaji, mara warudi nyuma kulinda pasi, na Graham asiweze kujua ni ipi kati ya hizo mbili mpaka mpira uko mkononi mwake. Umbo hilo lilifanana na mwavuli uliokunjuliwa, na jina likawa hilo hilo. Tarehe 1 Oktoba 1950, Giants walishinda 6–0, na Browns, tangu kuundwa kwao, hawakuwa wamewahi kumaliza mchezo bila ya pointi. Katika mwezi huo huo Giants waliwashinda tena 17–13. Na ingawa Browns walilipa kisasi 8–3 mwisho wa msimu na kwenda kutwaa ubingwa, ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba fikira ya mtu mmoja ubaoni yaweza kuzima moto uliokuwa ukiunguza ligi nzima.

Inasimuliwa kwamba Owen alipokwisha kuuchora mpango wake ubaoni hakukaa kuueleza kwa urefu, na kwamba aliyechukua chaki akawafafanulia wenzake nani aende wapi na kwa nini, alikuwa mlinzi kijana wa miaka 26, Tom Landry wa Texas. Landry alikuwa amerusha ndege za kivita za B-17 katika anga la Ulaya akiwa rubani msaidizi, na masomo yake yalikuwa ya uhandisi wa viwanda. Na akili hiyo ya kihandisi, inayouliza kila kipande cha mtambo kinabeba uzito gani, ndiyo aliyoileta katika mchezo. Miongoni mwa wenzake waliosikiliza alikuwamo Emlen Tunnell, Mweusi wa kwanza kuchezea Giants, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa Mweusi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Mwaka 1954 Landry alikabidhiwa ulinzi wote wa Giants huku bado akicheza, na alipoacha kucheza akaendelea na ualimu chini ya mwalimu mkuu Jim Lee Howell, ilhali mashambulizi yalikuwa mikononi mwa Vince Lombardi. Na ni timu chache katika tarikhi zilizowahi kuwa na wasaidizi wawili wa daraja hiyo chini ya paa moja.

Mpango uliompa Landry jina ni ule wa watu wanne mbele na watatu nyuma yao. Hakuwa peke yake katika wazo la kumtoa mlinzi wa kati kutoka mstarini na kumsimamisha hatua chache nyuma, ambako anaona kushoto na kulia. Wengine pia, kama huko Chicago, walikuwa wakielekea huko huko. Alilowazidi kwalo ni mafunzo yaliyoufuata mpango. Alimfundisha kila mlinzi amtazame mtu fulani wa upande wa pili, kwa kuwa hatua ya kwanza ya mtu huyo huitoboa siri ya shambulio zima. Na alimpa kila mmoja upenyo wake mmoja katika safu, akamwamuru aushike hata kama mpira unaonekana dhahiri kwenda kwingine. Amri hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Mlinzi hodari ana tamaa ya asili ya kuukimbilia mpira, na umati humshangilia anayeukimbilia; kumwambia mtu kama huyo asimame penye upenyo usio na kitu, kwa imani kwamba mwenzake ameusimamia wa kwake, ni kumtaka auvunje ushujaa wake wa zamani na kujenga mwingine. Wahenga walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na Landry aliwafundisha watu wake kwamba kijinga kimoja kikitoka mekoni, hata kwa nia njema, moto wote huzimika.

Mtu wa kati katika mtambo huo alikuwa Sam Huff, aliyeingia Giants mwaka 1956, na mwaka huo huo wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Chicago Bears 47–7. Tarehe 21 Desemba 1958 waliwakabili tena Browns, waliokuwa na Jim Brown, mkimbiaji aliyepata yadi 1,527 katika msimu ule wa michezo 12. Na siku ile, kwa mara 7 alizoubeba mpira, alipata yadi 8 tu, na Giants wakashinda 10–0. Wiki moja baadaye ngome ikavunjwa katika uwanja wa Yankee mjini New York, pale Johnny Unitas wa Baltimore alipoisogeza timu yake pasi baada ya pasi mpaka ikasawazisha mwishoni, kisha ikashinda 23–17 katika muda wa nyongeza. Juu ya hayo, miaka ile ndiyo watazamaji wa New York walianza kufanya jambo lililokuwa geni, kulilia ulinzi kwa sauti moja kama watu waitavyo mshairi wampendaye. Na mwaka 1959 picha ya Huff, mlinzi, ikapamba jalada la gazeti la Time. Kazi iliyokuwa ya kivulini ikapata mwangaza, na Landry akaondoka kwenda kuanzisha timu ya Dallas, ambayo aliifundisha tangu 1960 hata mwisho wa msimu wa 1988.

Heshima ya mwalimu msaidizi ilikua polepole, na siku moja ya kukumbukwa katika ukuaji huo ni tarehe 29 Desemba 1963 mjini Chicago. Bears wa George Halas waliwashinda Giants 14–10 na kutwaa ubingwa, na ulinzi wao ulinasa pasi tano za Y. A. Tittle, mrushaji wa Giants. Ni desturi ya mchezo huo kwamba mpira wa ushindi mkubwa hupewa mtu aliyestahili kuliko wote. Na siku ile wachezaji hawakumpa mchezaji mwenzao, wala hawakumpa Halas mwenyewe, mwenye timu na mwasisi wa ligi, bali walimkabidhi George Allen, msaidizi aliyewafundisha ulinzi.

Katika miaka ya 1970 kitovu cha maarifa haya kilihamia Pittsburgh, mji wa chuma, ambako mwalimu mkuu Chuck Noll na msaidizi wake Bud Carson, aliyefundisha huko tangu 1972 hata 1977, walikuwa na wachezaji ambao kila mwalimu angeomba dua awapate: Joe Greene katika safu ya mbele, Jack Lambert na Jack Ham katika ya pili, na Mel Blount pembeni. Ufundi wa Carson ulikuwa katika kuwagawia walinzi wawili wa nyuma sehemu yote ya mbali ya uwanja, nusu kwa nusu, ili wale wa pembeni wapate uhuru wa kuwasukuma wapokeaji tangu hatua zao za kwanza na kuziharibu njia zao kabla hazijafika popote. Mrushaji wa zama zile alihesabu pasi kwa hatua za mpokeaji, kama mpiga ngoma ahesabuvyo mapigo. Blount alipomzuia mpokeaji, ngoma nzima iliharibika. Mwaka 1975 Blount alinasa pasi 11. Mwaka 1976 Steelers, timu hiyo ya Pittsburgh, walianza vibaya, wakashindwa mara nne katika michezo mitano, kisha wakashinda tisa mfululizo, na katika tisa hiyo walifungwa pointi 28 tu kwa jumla, na mara tano wapinzani hawakupata kitu.

Ndipo wenye ligi wakaingilia kati. Mwaka 1978 sheria mpya ilikataza kumgusa mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mstarini, na sheria nyingine ikawaruhusu wazuiaji wa upande wa mashambulizi kunyosha mikono na kusukuma kwa viganja. Watu waliiita ile ya kwanza kwa jina la Blount, na sioni kwamba mlinzi yeyote amewahi kupewa nishani kubwa kuliko hiyo, kwamba ilibidi kanuni za ligi nzima zibadilishwe kwa ajili yake. Hii nayo ni sehemu ya kudumu ya kazi ya mwalimu wa ulinzi: watu hulipa viingilio ili waone mabao, na wenye sheria huyapenda wayapendayo watu, kwa hiyo kila mara mlinzi ajengapo ukuta mzuri, sheria huja na nyundo, naye hana budi kuokota mawe yale yale na kujenga upya kwa umbo jingine. Steelers wenyewe, baada ya sheria hiyo, walitwaa ubingwa mara mbili zaidi.

Aliyejenga kwa umbo la ajabu kuliko wote alikuwa Buddy Ryan. Huyu alikuwa sajini katika vita vya Korea, na mwezi wa Januari 1969 alikuwa miongoni mwa walimu wa New York Jets waliowashinda Baltimore Colts 16–7. Huko alimwona mwalimu mkuu wake, Weeb Ewbank, akifanya kila juhudi ili mrushaji wake Joe Namath asiguswe. Naye Ryan akapata funzo la kinyume, kwamba ikiwa mwenye hekima anajitaabisha hivi kumlinda mtu mmoja, basi huyo mmoja ndiye wa kuendewa. Alipokabidhiwa ulinzi wa Chicago Bears mwaka 1978, aliuunda polepole mpango ulioitwa 46, kwa nambari ya jezi ya Doug Plank, mlinzi wa nyuma aliyesogezwa mbele. Watu wanane walikaribia mstari. Watatu kati yao walisimama uso kwa uso na mzuiaji wa katikati na majirani zake wawili, hata hao watatu hawakuweza kusaidiana, na wengine wakamiminika kutoka pande ambazo mrushaji hakuzitarajia.

Mwisho wa mwaka 1981, ilipofahamika kwamba mwalimu mkuu wa Bears yu karibu kuachishwa na wasaidizi wote huenda wakaondoka naye, wachezaji wa ulinzi, wakiongozwa na Alan Page na Gary Fencik, walimwandikia barua George Halas, ambaye sasa alikuwa mzee wa miaka 86, wakimsihi awaachie mwalimu wao. Yule kijana wa Canton wa 1920, aliyeishi zama ambazo ulinzi haukuwa na mwalimu kabisa, aliisoma barua hiyo akawakubalia: Ryan akabaki, na baada ya hapo Halas akamwajiri Mike Ditka kuwa mwalimu mkuu. Fahali wawili katika zizi moja hawakupatana, na ugomvi wao haukuwa siri. Lakini mwaka 1985 timu hiyo ilishinda michezo 15 na kushindwa mmoja, na katika mtoano iliwafunga Giants 21–0 na Rams 24–0.

Usiku wa kuamkia fainali, Ryan, ambaye alikuwa akielekea Philadelphia kuwa mwalimu mkuu, alizungumza na walinzi wake maneno machache ya kuagana, akiwaambia kwamba watabaki kuwa mashujaa wake litokee lolote. Na inasimuliwa kwamba baada ya kutoka kwake mmoja wao, Steve McMichael, aliinua kiti akakitupa kwa nguvu ubaoni, miguu ya kiti ikazama mle, na hapakuwa tena na haja ya somo lolote. Tarehe 26 Januari 1986, mjini New Orleans, New England walifungwa 46–10, na mbio zao zote za siku ile zilileta yadi 7. Baada ya mchezo wachezaji walimbeba Ditka mabegani, kama ilivyo desturi. Na walinzi wakambeba Ryan, msaidizi.

Nguvu ya namna ya Ryan ina bei, kwa maana mwenye kutuma watu wengi mbele huacha uwazi nyuma, na warushaji wa pasi fupi za haraka walijifunza kuutumia uwazi huo. Aliyelijibu swali hilo ni Dick LeBeau, ambaye katika miaka 14 ya kuchezea Detroit alinasa pasi 62, na katika miaka ya 1980 akaongoza ulinzi wa Cincinnati. LeBeau alifunga safari kwenda Louisiana kumsikiliza mwalimu aliyemtangulia, Bill Arnsparger, yule aliyeujenga ulinzi wa Miami katika mwaka 1972, timu iliyoshinda michezo 17 bila ya kushindwa hata mmoja. Nao wakazungumza juu ya namna ya kumtisha mrushaji bila ya kuiacha nyumba wazi. Matunda yake ni mpango ambao mlinzi wa mbele, mtu mzito ambaye kila mmoja anamtarajia aje, hurudi nyuma ghafula kulinda eneo la pasi, na mahali pake huingia mtu mwepesi kutoka nyuma, hata mrushaji akatupa mpira pale alipopaona ni patupu, akamkuta mtu. Mfano unaokumbukwa ni wa tarehe 1 Februari 2009, LeBeau akiwa Pittsburgh: Arizona walikuwa wamebakiza yadi moja tu kabla ya mapumziko, James Harrison, mlinzi wa Steelers, akajionyesha kana kwamba anakuja, akarudi hatua chache, akanasa pasi, akakimbia yadi 100 mpaka upande wa pili, na Steelers wakashinda 27–23.

Elimu hii ina silsila, kama elimu zote zinazopokewa kwa kukaa karibu na mjuzi. Tony Dungy alicheza Pittsburgh chini ya Noll mwaka 1977 na 1978, na mwaka 1984, akiwa na miaka 28, akakabidhiwa ulinzi wa timu ile ile. Alipokwenda Tampa Bay mwaka 1996 aliichukua ile hekima ya kugawa uwanja nusu kwa nusu, na yeye na msaidizi wake Monte Kiffin wakaiongezea kiungo kimoja, wakimtaka mlinzi wa kati wa safu ya pili arudi mbio mpaka mbali kuziba uwazi uliobaki kati ya zile nusu mbili. Mwezi wa Januari 2003, Dungy akiwa amekwisha kuondoka lakini Kiffin akiwa bado yupo, ulinzi huo ulinasa pasi tano za Oakland katika fainali, tatu zikarudishwa mpaka mwisho wa uwanja, na Tampa Bay ikashinda 48–21. Tarehe 4 Februari 2007 Dungy, sasa wa Indianapolis, akawa Mweusi wa kwanza kushinda fainali akiwa mwalimu mkuu, na aliyesimama upande wa pili, Lovie Smith wa Chicago, Mweusi mwenziwe, alikuwa msaidizi wake huko Tampa. Miaka 60 kabla yake, mwaka 1946, Bill Willis wa Cleveland, mlinzi wa kati, alikuwa mmoja wa Weusi wanne tu waliofungua tena mlango wa mpira wa kulipwa uliokuwa umefungwa kwa watu wa rangi yao.

Kwa muda mrefu amri za mwalimu zilifika uwanjani kwa ishara za mikono, mpaka mwaka 2008 ligi iliporuhusu mlinzi mmoja kuvaa kofia yenye redio, kama warushaji walivyoruhusiwa tangu 1994. Lakini sauti hiyo hukatwa zikibaki sekunde 15 katika saa ya kuanza pambano, na baada ya hapo mlinzi yu peke yake na aliyojifunza. Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwa amewahi kuucheza mchezo huu, aliyechukuliwa na Indianapolis mwaka 2013 na kuwekwa miongoni mwa walinzi wa safu ya pili, alifika uwanjani kwa michezo michache, akawa Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Na safari yake yaonyesha jinsi mwili uliokamilika ulivyo mwanzo tu wa elimu ndefu.

Katika mji wa Canton, ambako ligi ilizaliwa, lipo Jumba la Mashujaa, na humo umehifadhiwa mpango wa ulinzi ulioandikwa na Bill Belichick, msaidizi wa Giants, kwa ajili ya fainali ya tarehe 27 Januari 1991. Wapinzani wao, Buffalo, walikuwa wametoka kuwafunga Raiders 51–3. Belichick aliwaambia walinzi wake, watu wenye fahari ya kuzuia mbio kuliko chochote, kwamba safari hii wamwache mkimbiaji wa Buffalo, Thurman Thomas, akimbie, wapunguze watu wa mbele na kuongeza wa nyuma, na wawapige wapokeaji kila wapokeapo. Wachezaji walinung'unika, kwani hakuna mlinda lango apendaye kuambiwa aufungue mlango. Thomas alipata yadi 135, kama ilivyokusudiwa. Pasi za Buffalo hazikuwa na ladha ile waliyoizoea, mkwaju wao wa mwisho wa yadi 47 ukapita kando ya mlingoti, na Giants wakashinda 20–19. Karatasi hizo zimelala katika mji ambamo Halas na wenziwe waliketi mwaka 1920 bila ya kumtaja mwalimu wa ulinzi; na azitazamaye leo anaona mistari, duara na mishale, alama za watu kumi na mmoja, ambao kila mmoja alikubali kusimama pale alipoandikwa, hata walipoambiwa wauache wazi mlango waliouonea fahari maisha yao yote.